Nilivyochagua chipu ya mashine yangu ya vifaranga, na hili suala la leseni

Mwezi mzima na zaidi niliupoteza kwa neno moja nililoambiwa dukani Kariakoo: "Kaka, chipu za ARM zina wenyewe. Ukiuza hata mashine moja, utadaiwa leseni." ARM ni kampuni inayosanifu viini, yaani ubongo wa chipu. Majirani wawili walikuwa wameshaniagiza mashine za kutotolesha mayai, basi nikaogopa, nikaiweka kando Raspberry Pi Pico, bodi ndogo yenye chipu ya ARM niliyokuwa nimeinunua kwa elfu kumi na kitu, nikarudi kwenye bodi ya Arduino Uno.

Uno ni bodi nzuri ya kujifunzia, lakini chipu ya ATmega328P iliyo juu yake ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kilobaiti 2 tu. Skrini yangu ndogo, ya nukta 128 kwa 64, inataka baiti 1,024 peke yake. Nusu imekwenda kabla hujapima joto! Nikaongeza menyu, nikaongeza maneno ya Kiswahili, ikafanya kazi siku nne vizuri kabisa. Usiku wa tano ikaganda huku rilei (swichi ya umeme) ya taa za joto imewaka. Asubuhi kipimajoto kilisoma 43 badala ya 37.5, na mayai 24 yalikuwa yameharibika. Nilipoiandikia programu inionyeshe RAM iliyobaki, nikaona inashuka kila menyu inapofunguliwa, mpaka haibaki kitu. Tangu siku hiyo siachi kuwasha kile kipima muda cha ndani kinachoiwasha chipu upya ikiganda. Karibu kila chipu inacho, na watu hawakitumii.

Ndipo nikakaa chini nikasoma habari ya leseni mwenyewe. Leseni ya ARM inalipwa na anayetengeneza chipu. RP2040, chipu ya kwenye Pico, ina viini viwili vya Cortex-M0+, na hesabu hiyo imeshamalizwa na waliotengeneza. Wewe umenunua chipu, ni mali yako, uza mashine utakavyo. RISC-V nayo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, haina ada ya seti ya maagizo, yaani orodha ya amri ambazo chipu inazielewa, na chipu ya ESP32-C3 yenye Wi-Fi inaitumia. Chagua ESP32-C3 kwa kuwa unataka Wi-Fi, usiichague kwa kukimbia deni ambalo si lako.

Leseni inayokuhusu ni ya programu. Maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) niliyokuwa naitumia kwa menyu ilikuwa na leseni ya GPL: ukimuuzia mtu mashine, ana haki ya kupata msimbo wako pia. Sikutaka, nikaandika menyu yangu kwa siku tatu. Maktaba nyingine ilikataza kutumika kwenye chipu za kampuni nyingine. Fungua faili la leseni kabla hujaandika mstari wa kwanza. Programu za msingi za Pico zina leseni ya BSD, wanachotaka ni notisi yao ya hakimiliki iendelee kuwepo, nami nimeichapa nyuma ya karatasi ya maelekezo.

Basi nikairudia Pico. Ilinisumbua mahali pamoja, na hapa najivunia. Pini zake zinatoa volti 3.3, moduli ya rilei ni ya volti 5. Rilei ikawa inashika, haiachii. Chipu inasema zima, taa ndogo nyekundu ya moduli bado inawaka hafifu, taa za joto zinawaka. Nilibadilisha waya, nikabadilisha moduli, hali ileile. Kisha nikaona kale kajampa (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili) kenye maandishi JD-VCC. Nikakang'oa, nikapeleka volti 5 kwenye JD-VCC kwa ajili ya koili, na volti 3.3 kwenye VCC upande wa pini. Tak! Ikaachia. Sikununua hata transista moja. Ila moduli ya volti 5 isiyo na jampa hiyo usiinunue kwa Pico.

RAM ya Pico ni kilobaiti 264, menyu yote imeingia na nafasi imebaki tele. Siku ya 21 mayai 51 kati ya 60 yalitoa vifaranga, na jirani wa kwanza ameshachukua mashine yake.