Blanketi la viraka 70: kumbukumbu ya mradi, kikao cha 1 hadi cha 6

Tunashona blanketi moja la viraka 70, upana sentimita 140 na urefu sentimita 200. Linashonwa kwa mkono, isipokuwa mishono mirefu ya kuunganisha, na watu wanaoishi na saratani, ugonjwa wa figo, seli mundu na virusi vya Ukimwi hapa Kisumu. Likiisha litakaa chumba cha kupumzikia, ajifunike yeyote anayetetemeka baada ya dawa, na litafuliwa kila linapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hadi kikao cha 6 viraka 52 vimekamilika. Tunaweka maandishi haya ili kundi la Kakamega, Busia au Nakuru likitaka kuanza, lisirudie makosa yetu.

Vipimo na ratiba

Kiraka kinakatwa sentimita 22 kwa 22. Mshono unakula sentimita 1 kila upande, kinabaki cha 20. Ni safu 10 za viraka 7. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 112, kwa hiyo kila sentimita 22 za urefu zinatoa viraka 5. Nusu ya viraka ni mabaki ya mafundi cherehani wa Kibuye na soko la Jubilee, ambao huyatoa bure ukiwafikia jioni kabla hawajafagia. Nusu nyingine ni amerikani nyeupe, ya kuchapa.

Kuhusu ukubwa tulibishana sana. Lile blanketi la Ukimwi lililoanzishwa San Francisco mwaka 1987 lina vipande vya futi 3 kwa futi 6, kadiri ya kaburi, kila kimoja kwa ajili ya aliyefariki. Letu linashonwa na wenyewe wakiwa hai, tena wengi hawajui wiki ijayo watakuwa na nguvu kiasi gani. Kiraka cha sentimita 20 kinaweza kuanza na kuisha siku hiyo hiyo. Atakayekosa kikao kijacho haachi kazi nusu, na hakuna wa kumdai.

Ratiba ya kwanza ilikuwa kukutana kila baada ya wiki tatu. Tulipoitandaza kalenda mezani tukaona kosa: kemo (dawa za saratani) nyingi hutolewa kwa mzunguko wa siku 21, kwa hiyo aliye hoi siku ya kikao cha kwanza angekuwa hoi kila kikao mpaka mwisho. Tukahamia kila baada ya siku 14. Aliyetundikiwa dawa siku ya kikao cha kwanza, kikao cha pili kinamkuta siku ya 14, cha tatu kinamkuta siku ya 7 ya mzunguko unaofuata. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hushuka zaidi, basi kila mtu anaingia na kadi yenye tarehe ya dawa yake ya mwisho, na kadi hiyo ndiyo inayoamua meza atakayokaa.

Tunakutana Jumamosi, saa 4 hadi saa 6 asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda kushuka alasiri, na mtu aliyetoka kwenye kemo hafai kunyeshewa juu ya bodaboda.

Kikao cha 1: viraka 3

Watu 11, muda wa saa mbili, viraka 3. Makosa yalikuwa yetu, na yalikuwa mawili.

La kwanza ni sindano. Tuliogopa watu kujichoma, tukanunua sindano butu za kushonea sweta. Sindano hizo hupita kwenye nyuzi zilizolegea, lakini kitenge kimefumwa kwa kubana. Watu wakawa wanasukuma kwa nguvu, kidole gumba kinauma, kitambaa kinajikunja. Wenye ganzi ya vidole (madhara ya kawaida ya dawa za saratani paklitaxeli na vinkristini) hawakuweza hata kuhisi kama sindano bado iko mkononi. Mama mmoja alishona dakika kumi nzima kabla ya kugundua kwamba uzi ulikuwa umechomoka zamani.

La pili ni harufu. Kitenge kipya kina wanga na dawa ya kiwandani, na ukikikata chumba kizima kinanuka. Kwa aliyetundikiwa dawa juzi, harufu hiyo inatosha kumtapisha. Siku hizi vitambaa vyote vinafuliwa kabla ya kukatwa: maji ya moto, sabuni ya unga isiyo na manukato, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani, piga pasi. Kitenge chekundu na cha buluu iliyokolea kinaweza kuhitaji maji manne au matano. Wengi hutia chumvi au siki wakiamini inashika rangi. Haishiki, kwenye kitambaa ambacho tayari kimetiwa rangi kiwandani. Kinachosaidia ni kufua na kusuuza tu. Kufua huku ndiko pia kunakomaliza kupungua kwa kitambaa, maana kiraka kitakachopungua baada ya kuunganishwa kitavuta wenzake wote.

Kikao cha 2 na cha 3: meza mbili

Hapa ndipo mpango ulipogeuka. Tuliacha kumpangia kazi mtu wa kawaida na kumhurumia mgonjwa. Tukampangia aliyechoka zaidi, kisha mwenye nguvu aongeze mwenyewe akitaka.

Meza ya sindano ni ya mwenye chembe nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu) za kutosha na asiye na ganzi. Sindano kali ya tundu refu, uzi wa pamba urefu wa dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukizidi hapo unajifunga mafundo. Nyuzi zinatungwa kabla watu hawajafika. Kila mtu ana sindano yake peke yake, imechomekwa kwenye kitambaa chenye namba, na sindano haiazimwi hata kwa dakika moja, kwa sababu damu ya tone moja inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B. Zinahesabiwa zikitoka, zinahesabiwa zikirudi. Iliyopinda inaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Aliyeondolewa titi na tezi za kwapani anavaa kastabini kidoleni upande ule, mkono unalala juu ya mto, na kila dakika 20 anasimama kidogo. Akijichoma mkono huo anaosha kwa sabuni na kufunika. Ukivimba, ukiwa mwekundu au wa moto, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na aliye kwenye kemo akifikisha joto la nyuzi 38 hasubiri kesho, hata kama anajisikia mzima.

Meza ya kuchapa ni ya wengine wote, na imetokea kuwa ndiyo meza inayopendwa. Muhuri unachongwa kwenye malapa ya zamani. Soli ya malapa ina ulaini unaofaa: inakatika kwa wembe, inanyonya rangi kidogo tu, na mchoro hautanuki. Chora kwa biro, kata pembeni kwa kina cha milimita 5, gundisha mgongoni kifuniko kipana cha chupa kiwe mshikio. Kwa mwenye ganzi, zungushia kifuniko kitambaa mpaka kiwe kinene kama kikombe, hapo kiganja chote kinashika na vidole vinapumzika. Kuchonga ni kazi ya wasaidizi, nyumbani. Tunao muhuri wa ngege (samaki wa ziwani), wa mtumbwi, wa jani la mpapai, na mmoja wa sufuria uliochorwa na mzee ambaye hula kidogo sana sasa lakini aliusimamia mchoro huo kwa makini kuliko sote: masikio ya sufuria yakatwe tena, yalikuwa madogo.

Rangi ni ya kitambaa, ya maji. Rangi ya mafuta na thina haviingii chumbani. Usichovye muhuri kwenye rangi; paka kijiko kimoja juu ya sifongo, gonga muhuri kwenye sifongo mara mbili, kisha bonyeza juu ya amerikani huku ukihesabu hadi tano. Rangi ikizidi inajaza mifereji, na ngege anatoka kama doa. Chini ya amerikani weka gazeti lililokunjwa mara nne. Meza tupu inafanya katikati pasishike. Acha ikauke siku nzima, kisha pasi kavu upande wa nyuma kwa dakika 3 hadi 4. Usifue kabla ya wiki kuisha.

Tulishauriwa kutumia majani halisi na magugu-maji ya ziwani, ambayo mafundi wa hapa wanatengenezea vikapu vizuri. Tulikataa. Mmea ambao haujakauka kabisa hushika ukungu, na ukungu ukiingia kwenye mapafu ya mtu asiye na chembe nyeupe ni hatari ya kweli. Madirisha yote yako wazi muda wote, na anayekohoa anavaa barakoa.

Wenye zamu ya kusafishwa damu Jumamosi tunawapelekea kiraka kitandani. Pale wanakaa kwa muda wa karibu saa nne na mkono mmoja hausogei, na wengi hupewa heparini ili damu isigande kwenye mashine. Kwa hiyo sindano hapana. Wanapata kipande cha amerikani kilichobandikwa juu ya kibao, na kalamu ya kitambaa. Kibao kisiegemee mkono wenye mshipa wa mashine.

Kikao cha 4: kuhusu maneno

Viraka 31. Kikao hiki tulikitumia zaidi kuangalia mazungumzo.

Mtu akiwa na kitu mikononi husema mambo ambayo asingeyasema akitazamwa usoni. Ndiyo maana viti viko pande mbili za meza ndefu na hatukai duara. Wasimamizi ni wawili: mmoja anafuata kitambaa, mwingine anafuata watu. Msimamizi mmoja peke yake hawezi, kwa sababu yule anayenyamaza ghafla huonekana tu na mtu asiyetafuta mkasi.

"Utapona tu, mama" tumeiacha. Inasemwa kwa upendo, lakini inamfungia mwenzako mlango: baada ya hapo hawezi kusema kwamba anaogopa. Swali linalofungua ni dogo: "Usiku ulilalaje?" Au, "Hiyo dawa mpya imekufanyaje mdomoni?" Hayo aliye mgonjwa humuuliza mgonjwa mwenzake vizuri kuliko daktari yeyote, maana anajua jibu linavyoweza kuwa refu.

Kanuni tulizobandika ukutani ni nne. Linalosemwa mezani linabaki mezani. Hakuna anayeuza wala kusifia dawa, iwe ya mitishamba au ya maombi ya kulipia. Hakuna kugawiana vidonge wala maji ya mofini, kwa sababu chupa mbili zinaweza kufanana kwa nje na nguvu yake ikatofautiana mara kumi. Na ugonjwa hauandikwi kwenye kiraka, wala jina kamili. Wengi hawajawaambia majirani, na blanketi litaonwa na kila mtu.

Nyuma ya kila kiraka kuna kadi yenye swali moja, linalojibiwa na mwenyewe kwa mkono wake: nisipokuwepo, kibaki au kiende nyumbani? Tulisita kuliuliza. Watu walilijibu haraka, wengine wakicheka, na wawili walibadilisha jibu kikao kilichofuata. Kadi mbili zimeshatumika. Kiraka kimoja kimebaki, kingine tumekipeleka Ahero kwa binti wa aliyekitengeneza, na nafasi ya kiraka hicho kwenye safu ya tatu imejazwa na amerikani isiyochapwa chochote.

Kikao cha 5: uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mezani kwetu anaulizwa, tena kila kikao. Mwenye seli mundu anatakiwa anywe maji mengi na asishike maji baridi, kwa hiyo ana chupa yake ya lita moja na maji ya kunawa yanapashwa moto. Anayekaa naye bega kwa bega yuko kwenye mashine ya figo na maji yake yanapimwa: kikombe cha mililita 150, basi, na ndizi na parachichi haviwekwi mbele yake kwa sababu ya potasiamu. Mwenye vidonda vya mdomo anapata uji wa wimbi uliochujwa, vuguvugu, usio na ndimu. Sukari iko pembeni. Mandazi hayana shida kwa wengi. Tulianza na sinia moja la kila mtu, na aliyekatazwa nusu ya vilivyomo alikuwa akijisingizia kushiba.

Kikao cha 6: kuunganisha

Viraka 52. Safu tano zimeungwa. Vipange kwanza sakafuni, piga picha, ndipo ushone. Vilivyochapwa na vya kitenge vipishane. Piga bandi kabla ya mshono wa kudumu, halafu laza pindo za safu moja kulia na za safu inayofuata kushoto ili makutano yasiwe na nundu. Mishono mirefu inaendeshwa na cherehani ya msaidizi.

Hatutii sufi katikati. Joto la Kisumu halihitaji, na blanketi zito linaumiza mifupa ya mgonjwa. Bitana ni doti moja ya leso isiyokatwa. Kila leso ni kama sentimita 150 kwa 110, ukiziunga kwa upande mrefu unapata 150 kwa karibu 218. Linazidi uso wa blanketi kidogo kila upande, na ziada hiyo inakunjwa mbele kuwa pindo, bila kununua utepe. Angalia jina la leso kabla ya kuunga, la sivyo moja litasimama kichwa chini. Na lisome vizuri. Leso ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na rangi nzuri mno, lakini jina lake lilikuwa kijembe cha mke mwenza, tukairudisha.

Vimebaki viraka 18. Kikao cha 7 kinahitaji mita 1 ya amerikani, rangi ya manjano chupa moja (imeisha), na malapa mawili ya zamani ya soli nene. Mzee wa sufuria anataka sasa kuchonga mwiko.