Kiroba kisicho na mwenyewe: wakipekua gari lako, shuka ukaangalie

Wiki iliyopita naendesha Kosta ya abiria, natoka Iringa narudi Dodoma, tumeshapita bwawa la Mtera, gari lote linanuka samaki maana abiria wakifika pale lazima washuke wanunue, na giza limeshaingia. Kabla ya kufika Chipogoro naona tochi inapungwa mbele, nikapunguza, nikaweka pembeni. Trafiki akaja dirishani, salamu, leseni, akamulika stika ya bima, akazunguka kuangalia matairi. Hapo kawaida, kila suka (dereva) wa njia hii anajua. Ila safari hii alikuwa na mwenzake hana zile nguo nyeupe, yeye akapitiliza mpaka nyuma akaanza kumulika chini ya siti.

"Hiki cha nani?"

Kiroba cha sandarusi, cheupe, kimefungwa mdomo kwa kamba ya katani, hakina jina wala alama. Kimya. Kosta ina watu ishirini na kitu na hakuna anayefungua mdomo. Konda ananiangalia mimi, mimi namwangalia yeye. Yule bwana akakibonyeza kwa vidole na sisi wote tukasikia sauti ya majani makavu yanavunjika, kakra kakra, jamani ile sauti naisikia mpaka leo. Mikono ikaanza kunitoka jasho kwenye usukani na gari nimeshazima.

Ndipo mama mmoja aliyepanda Migoli, alikuwa amelala kichwa kwenye kioo, akaamka akasema ni cha kwangu hicho baba, mlenda huo, nampelekea binti yangu Chang'ombe amejifungua. Kikafunguliwa, kikanuswa, mlenda mkavu kweli, tukaambiwa haya nendeni.

Lakini zile dakika mbili kabla mama hajaamka ndizo zimenifanya niandike hapa. Kama mama angekuwa ameshuka njiani akasahau kiroba chake, na kama ndani yangekuwa majani mengine, aliyeshika usukani ni nani? Mimi. Na kosa la kusafirisha dawa za kulevya kwa Sheria ya mwaka 2015, bangi ikiwemo, sio faini ya elfu thelathini ya kulipa kwa kontrol namba. Ni miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa ni maisha. Madereva tunaongea kuhusu tochi za kupima mwendo na mizani ya magari kutwa nzima ila hili tunalipita kama halituhusu.

Mwenzangu mmoja, deiwaka (dereva wa kushikia gari kwa siku) wa miaka mingi, alikaa mahabusu karibu mwaka kwa furushi alilopewa stendi "mpe mtu atakupokea mbele". Aliyempa hana jina, aliyetakiwa kupokea simu imezimwa. Alitoka mwishoni, kesi haikusimama, ila alikuta mke amerudi kwao na kazi ameshapewa mtu mwingine. Huyu ninamfahamu na tumekula naye sahani moja, ndio maana nina hasira na jambo hili.

Sasa vijana. Mpwa wangu anaendesha gari dogo, IST ya kukodi, hapa mjini, nilipomsimulia akaniambia mjomba wewe ungemwambia tu afande sikubali gari langu lipekuliwe, anatakiwa awe na kibali cha mahakama. Nikamuuliza umetoa wapi hiyo, kumbe klipu za TikTok. Klipu za Marekani! Kule wana katiba yao na mabadiliko yake ya nne ya mwaka 1791 yanayomlinda mtu na upekuzi, na hata huko huko gari halilindwi kama nyumba, mahakama yao ya juu tangu 1925 ilisema polisi akiwa na sababu ya msingi anaweza kupekua gari bila kibali. Mwaka 2015 wakasema trafiki asikuweke barabarani kupita muda wa kosa alilokusimamishia eti anasubiri mbwa aje anuse, kama hana shaka yenye sababu. Na bangi yenyewe majimbo kadhaa wameiruhusu, ndio maana wanabishana kama harufu peke yake inatosha kupekua gari, Pennsylvania mwaka 2021 mahakama yao ikasema peke yake haitoshi. Mijadala mizuri hiyo lakini ni ya kwao. Ukienda kuitumia pale Kibaigwa au Bahi unajitafutia kesi ya kumzuia askari kufanya kazi yake.

Kwetu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi nguvu ya kusimamisha gari na kulipekua akiwa na sababu ya kushuku kuna kitu cha kosa ndani, na sheria ya dawa za kulevya nayo inawapa maofisa wake nguvu ya namna hiyo. Hapa bangi haijaruhusiwa, sio ya kuvuta, sio ya kulima, sio msokoto mmoja. Kwahiyo kusema "sikubali" sio ngao. Ngao yako iko kwingine kabisa, na mimi hili nilielezwa na wakili mmoja ambaye ni abiria wangu wa Iringa, tukiwa tunabadilisha tairi pale Izazi, nikamsikiliza mpaka nikasahau spana mkononi.

Aliniambia hivi, wewe usizuie upekuzi, usimamie. Shuka kwenye gari. Madereva wengi tukiambiwa tunapekuliwa tunabaki tumekaa mbele tunachezea simu au tunaenda pembeni kukojoa, tunarudi tunaambiwa kimepatikana kitu. Hapana. Sema kwa heshima, afande naomba niwepo unapoangalia, na hawa abiria wawili washuhudie. Hakuna askari anayefanya kazi yake sawasawa atakayekasirika, na shahidi ambaye sio polisi wala sio ndugu yako ana uzito mkubwa sana mbele ya hakimu. Kama anayepekua hana sare, omba kitambulisho kwanza. Na mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake, hilo sheria imeliandika waziwazi, konda wa kike au abiria asikubali kupapaswa na mwanaume eti kwa sababu ni usiku na askari wa kike hayupo.

Halafu karatasi. Hapa ndipo alipokazia mpaka akawa anachora chini kwa kijiti. Kitu kikichukuliwa kwenye gari lako lazima kiandikiwe hati ya ukamataji pale pale, na wewe unasaini na mashahidi wanasaini. Sasa usisaini tu kwa sababu unatetemeka. Soma. Ni viroba vingapi, rangi gani, vilikuwa sehemu gani ya gari, maana "chini ya siti ya dereva" na "chini ya siti ya nyuma kabisa" ni vitu viwili tofauti kabisa na miaka yako inaweza kukaa katikati ya maneno hayo mawili. Saa ngapi, namba ya gari ipi, nani alikuwepo. Kama imeandikwa "alikutwa na" wakati wewe umesema kiroba sio chako, omba maelezo yako yaandikwe hivyo hivyo, sio changu. Karatasi tupu usisaini hata uambiwe ni utaratibu. Na kama huwezi kusoma vizuri usiku ule, omba usomewe kwa sauti mashahidi wakisikia.

Kwanini karatasi ina nguvu hivyo? Kwa sababu kile kiroba kitasafiri. Kitatoka barabarani kiende kituoni, kwa mtunza vielelezo, kiende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa maana majani hayawi bangi kwa kunuswa tu na afande (na mlenda wa mama umetufundisha hilo), kirudi, kifike mahakamani. Mahakama ya Rufani kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 ilieleza kwamba huo mfululizo unatakiwa uonekane kwa maandishi, nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani, mpaka mwisho. Ukikatika katikati, shaka inazaliwa, na shaka ni ya mshtakiwa. Ule mfululizo unaanza na ile karatasi ya barabarani unayoisaini umeinama kwenye boneti kwa mwanga wa simu. Na zaidi ya hapo upande wa mashtaka wanatakiwa waonyeshe ulijua kilichomo, kuwa dereva wa gari peke yake haitoshi, ila nani atakuamini hukujua kama hukusema mapema na halikuandikwa?

Wakikuchukua kituoni una haki ya kuambiwa unashikiliwa kwa kosa gani, na anayekuhoji akutajie jina na cheo chake. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hulazimishwi kujibu maswali ya kosa. Ukitoa maelezo usomewe kabla hujasaini. Mahojiano ya kawaida sheria imeyapa masaa manne, wakitaka kuendelea kuna utaratibu wa kuongeza. Dhamana ndio ngumu kwenye kesi hizi, mzigo ukiwa mkubwa sheria ya dawa za kulevya inaifunga, ndio maana mwenzangu alikaa vile. Kama huna hela ya wakili uliza msaada wa kisheria, kuna sheria yake ya mwaka 2017 na kuna wasaidizi wa kisheria huku kwetu. Namba ya mkeo au kaka yako iwe kichwani, simu ndio kitu cha kwanza kinachotoka mkononi.

Na ninyi mnaovuta halafu mnashika usukani sina maneno matamu. Sheria ya Usalama Barabarani inakataza kuendesha ukiwa umelewa pombe au dawa, na utingo wangu wa zamani alikufa kwenye mlima kwa dereva aliyekuwa hajitambui. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya yule asiye na kosa.

Tangu usiku ule nimenunua daftari la kaunta na makapeni mawili. Kila mzigo unaopanda unaandikwa, jina la mwenyewe, namba ya simu, unashukia wapi, na jina linaandikwa kwenye kiroba chenyewe. Furushi la "utampa mtu mbele" linafunguliwa mbele yangu na mwenyewe anaonyesha kitambulisho, akikataa anashuka nalo. Wawili wameshakataa pale stendi ya Nanenane, mmoja alinitukana, akaenda gari lingine. Nilimfuata suka wa hilo gari nikamwambia angalia kile kifurushi cheusi.

Konda analalamika kuandika kunatuchelewesha dakika kumi na hesabu ya tajiri mwenye gari inayumba. Ni kweli tunachelewa. Nimemwambia tutachelewa.