Nilivyofunga rimu za 19.5 kwenye F-350 dabo yangu, na hela niliyopoteza njiani

Ile pancha ya Sweetwater, mji wa Texas, ndo ilinitia akili. Mwezi wa nane, barabara kuu ya I-20, jua la Texas mnalijua au kama hamlijui basi mshukuru, niko na F-350 yangu, pikapu ya Ford ya 2016 yenye matairi dabo nyuma, yaani mawili mawili kila upande, nimevuta trela la gusneki (lile shingo yake inakaa ndani ya bodi ya pikapu) futi 40 lina vyuma vya visima vya mafuta, natoka Fort Worth naenda Odessa, mara nasikia puu! kama bunduki, kucheki kioo cha pembeni naona vipande vya mpira vinaruka barabarani. Nikaegesha. Nyuma kulia, tairi ya nje imepasuka yote, na ile ya ndani nayo iko chini, haina upepo hata kidogo. Maana yake ya ndani ndo ilianza kuisha upepo zamani, sijui tangu wapi, mwenzake akabeba mzigo wa watu wawili mpaka akachoka.

Na mimi mtoto wa Mbeya niliyewahi kuwa utingo kwenye Fuso ya mjomba! Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kushuka kila tukisimama na kipande cha nondo nagonga matairi moja moja, nasikiliza mlio. Ikilia vizuri ina upepo, ikilia kama unapiga gunia mjomba anaitwa. Nimekuja Marekani nimepata gari lenye kiyoyozi na kamera nikaacha kugonga. Ujinga mtupu.

Sasa nikiwa nasubiri msaada pale, masaa matatu, nikapiga hesabu kwenye simu. Nilikuwa nimepita mizani ya malori ya CAT asubuhi, ekseli ya nyuma ya gari ilisoma pauni 9,240. Gawa kwa matairi manne unapata 2,310 kila moja. Tairi nilizokuwa nazo ni zile gari lilizotoka nazo kiwandani, LT245/75R17 (LT ni za malori mepesi) load range E, yaani daraja la uwezo wa kubeba, zikikaa mbili mbili kila moja inabeba pauni 2,910 kwa upepo wa psi 80, kwaiyo huko niko salama kabisa. Ila moja ikifa, iliyobaki inabeba 4,620 peke yake, wakati ikiwa peke yake uwezo wake ni 3,195. Haiwezi. Ndo kilichotokea.

Basi nikaanza kuwaza zile rimu za inchi 19.5, zile unaona kwenye malori madogo ya usambazaji na kwenye F-450. Ni tairi za kibiashara kweli kweli, waya za chuma mwili mzima mpaka ubavuni, sio kama hizi za LT ambazo ubavu wake ni nyuzi. Size ya 225/70R19.5 load range G inabeba 3,970 ikiwa peke yake na 3,750 ikiwa dabo, kwa psi 110. Ukiangalia vizuri hata hiyo haifiki 4,620, sasa nisiwadanganye, ukiacha tairi ya ndani iishe upepo hata na hizi utalala njiani, tofauti ni kwamba utalala mbele kidogo. Sababu yangu kubwa ilikuwa maisha ya tairi. Mi nilikuwa namaliza seti ya nyuma kila maili elfu 35 hivi, kashata zimeisha zimebaki kipara, alafu seti moja sio hela ndogo.

Nina rafiki Mkongo, mtu wa Bukavu, anafanya kwenye yadi ya matairi ya malori huku Dallas. Nikampigia nikamwambia nataka 245/70R19.5, zile ndefu, maana nilikuwa nimeona jamaa mmoja kwenye kituo cha mafuta gari lake limesimama kama simba. Akacheka. "Ndugu, batu ya hapa banapendaka urefu," akasema, "lakini weye uko unatafuta makuta (hela), ile kubwa itakusumbua." Akanieleza na alikuwa sahihi. Tairi ya kiwandani ina kipenyo karibu milimita 799. Hii 225 ina 810, yaani imezidi kidole kimoja hivi. Ile 245 inafika 838. Kwa 225 spidi ikisoma 65 kweli unaenda karibu 66, nani anajali. Kwa 245 ikisoma 65 unaenda 68, gia zinabadilika, na kubwa kuliko yote, ni pana, zikikaa mbili mbili kwenye rimu nyembamba zinakaribiana sana, ukipakia mzigo mabavu yanatanuka yanaanza kusuguana. Tairi zikisuguana zinachemka na wewe huoni kitu. Nikaachana na simba.

Hapa sasa ndo nilipopoteza hela. Rimu mpya bei imechangamka nikasema natafuta used. Nikapata jamaa ana rimu 6, mbili za chuma za ndani na nne za alumini, anasema zimetoka kwenye pikapu dabo, "zinaingia zote zenye tundu nane". Mimi nikahesabu tundu, kweli nane. Gari langu nane. Nikalipa dola 900, nikazibeba maili 140 mpaka nyumbani nikiimba. Kufika nikanyanyua gari kwa jeki, nikatoa tairi, nikapachika rimu, tundu la katikati likaingia vizuri bila shida nikafurahi mapema, kuja kwenye studi, zinagoma. Nazungusha, zinagoma. Kumbe zile ni za GM, wale wa Chevrolet na GMC. Dabo za Ford tangu 2005 ni tundu nane kwenye duara la milimita 200, za GM tangu 2011 ni nane kwenye duara la milimita 210. Kwa macho huwezi kujua, kila tundu limepishana milimita 5 tu. Na lile tundu la katikati kuingia kirahisi ndo lilipaswa kunishtua, liliingia kirahisi kwa sababu ni kubwa kuliko habu yangu.

Kuna mtu, simtaji, akaniambia chukua drili tanua tundu. Jamani. Usifanye. Nilimwambia asante nikakata simu. Niliziuza kwa 700, mia mbili zikaenda hivyo hivyo. Kwaiyo we kabla hujatoa hela chukua futi, kwa kuwa tundu ni nane ni rahisi, pima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalotazamana nalo upande wa pili. Pikapu za Ram nao wana yao, dabo zao za zamani ni inchi 6 na nusu, kuanzia 2019 ndo wakahamia 200. Na F-450 usiende kabisa, zile zina tundu kumi.

Mara ya pili nikapata za ukweli, zimetoka kwenye F-350 mwenzangu, dola 1,400 zote sita. Zilikuja na matairi yake, kashata bado nene, karibu niingie mtegoni tena. Nikaangalia namba nne za mwisho pale palipoandikwa DOT, ikasoma 3113, yaani wiki ya 31 mwaka 2013. Mpira mzee kuliko gari lenyewe. Nikayatoa.

Matairi mapya nikanunua kwa yule Mkongo, mbele nikaweka zile za mistari iliyonyooka, nyuma zenye kashata za kuvuta. Nilikuwa nimeanza kwa kwenda duka la kawaida la matairi karibu na nyumbani wakakataa, wakasema mashine yao haishiki rimu hiyo, rimu za 19.5 kingo zake zimelala nyuzi 15 kama za malori makubwa, zinataka mtu wa malori. Sikuwalaumu. Pale yadi jamaa walizivisha kwa mikono na vyuma viwili, dakika chache tu, mpaka nikakumbuka mafundi pancha wa Uyole.

Kufunga nilifunga mwenyewe, na kuna mambo matatu yalinichukua muda. Kwanza kutu. Sura ya habu pale rimu inapokaa nilisugua na brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, maana ukikaza nati juu ya kutu, kutu inasagika baadae na nati inabaki imelegea bila kuguswa na mtu. Pili urefu wa studi. Alumini ni nene, ukiweka rimu ya chuma ndani na alumini nje meno yanayobaki kwa ajili ya nati yanapungua, nilihesabu mizunguko ya kila nati kwa mkono kabla sijakaza nikaridhika, laiti ingekuwa mizunguko minne mitano tu ningesimama hapo hapo. Tatu valvu. Za ndani lazima ziwe ndefu na za chuma, na tundu la rimu ya nje lazima likae sawa na valvu ya ndani, mi nilifunga upande wa kushoto nikakaza nati zote nane nikagundua siwezi kufikisha mdomo wa kompresa ndani, nikafungua zote upya. Mke wangu alikuwa dirishani ananiangalia, hakusema kitu, ila nilimwona.

Nati nilikaza kwa toki renchi, futi-pauni 165 kama kitabu cha Ford kinavyosema, kwa kukingama, sio kuzunguka duara. Alafu baada ya maili kama 50 nikasimama nikakaza tena na kweli mbili za nyuma kulia zilisogea kidogo. Hilo zoezi la kukaza tena watu wanalidharau, na hapo ndo magurudumu yanapowapita barabarani.

Sasa upepo. Siku ya kwanza nilijaza psi 110 kote kwa sababu ndo imeandikwa ubavuni, nikatoka bila mzigo. Wee! Gari likawa kama mkokoteni wa Kariakoo, kila kiungo cha daraja nakisikia kwenye meno, na kwenye njia ya kutokea barabara kuu siku hiyo kuna manyunyu nyuma ikateleza, moyo ukaruka. Ile 110 ni ya mzigo kamili wa tairi, sio wa gari lako. Kampuni ya tairi ina jedwali, unapima ekseli kwenye mizani, unasoma uzito wa kila tairi, unapata psi. Mi sasa mbele 85, nyuma 80 nikiwa na mzigo, nikiwa mtupu nashusha nyuma 70 na ndo mwisho, sishuki chini ya jedwali. Pia nimenunua vifuniko vya valvu vyenye sensa vinavyosoma kwenye kioo kidogo, kwa sababu gari langu halikuja na sensa, sheria ya Marekani inayolazimisha sensa za upepo haigusi magari ya matairi dabo.

Spidi nayo. Tairi zangu zimeandikwa L, mwisho maili 75 kwa saa. I-20 na I-10 huko magharibi mwa Texas kuna vipande vinaruhusu 80. Watu wananipita, wanapiga honi, waende tu.

Spea nayo usisahau, ile ya kiwandani ya 17 chini ya bodi haina kazi tena, ukiiweka pembeni ya 19.5 zinapishana kimo na ile ndefu ndo inabeba kila kitu, unarudi kule kule Sweetwater. Nilinunua rimu ya saba.

Na kitu kimoja watu wananiuliza kila siku: sasa unapakia zaidi? Hapana. Kibandiko cha mlangoni bado kinasema pauni 14,000 na kitaendelea kusema hivyo hata ukiweka magurudumu ya treni. Ekseli ni ile ile, springi zile zile, breki zile zile. Askari wa usafirishaji (DOT) akikuweka mizani hakuulizi rimu. Jamaa mmoja tunayebeba naye alifunga kama zangu akaanza kuongeza mzigo, sasa hivi anabadilisha beringi za nyuma.

Kilichobadilika ni hivi: trela haliyumbishi gari kama zamani, hasa upepo wa pembeni ukipiga, maana ubavu wa tairi ni mgumu. Mafuta linakula zaidi kidogo, sio sana. Kelele za kashata za nyuma zipo, unazoea. Nimetembea maili 61,000 sasa na za nyuma zimebaki karibu nusu, za mbele ndo naziangalia kwa sababu mbele sheria inataka kashata isipungue 4 kwa 32 ya inchi.

Na nimerudi kugonga. Kila nikisimama nashuka na wilispana nazunguka, kong, kong, kong. Juzi pale Big Spring mzee mmoja Mzungu kwenye lori la pembeni akanitazama muda mrefu, akashuka na yeye na nyundo yake ya mpini wa mbao, akaanza ya kwake.