Njia ya mwendokasi siyo ya kila mwenye haraka

Jamani hii njia ya mabasi ya mwendokasi ya Morogoro Road hapa Dar es Salaam, tangu mabasi yaanze 2016 sheria ni ileile, ni ya mabasi yale na dharura kama ambulensi na zimamoto, basi. Lakini jioni foleni ikikaza Magomeni utaona bodaboda kachomoka na abiria wawili, nyuma bajaji, mara gari binafsi limewasha hazadi, zile taa za tahadhari, na hazadi siyo kibali. Inaniuma kwa sababu vituo viko katikati ya barabara, watu wanavuka kwenye zebra macho yao yako kwa basi kubwa, pikipiki hawaioni mpaka iwafikie, wengine wana watoto mgongoni. Mi naona trafiki wakae pale kila jioni, na magari ya wakubwa nayo yasimamishwe.