Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa Loggia dei Lanzi, Firenze, Italia

Saa mbili asubuhi niko uwanja wa Piazza della Signoria. Beji shingoni, nazunguka sanamu zote kuona kama usiku kuna aliyejiandika jina mahali. Hakuna. Shwari.

Ndugu zangu Malindi wakiuliza kazi gani hiyo, nawaambia nalinda baraza. Ni ukumbi wa matao matatu, wazi upande wa uwanja, uliojengwa kati ya 1376 na 1382 ili wakuu wa mji waapishwe hadharani. Siku hizi umejaa sanamu, na kuingia ni bure. Hiyo bure ndiyo inayonipa kazi.

Saa nne: "David huyu ni wa kweli?" Wanamuuliza David, sanamu ya Michelangelo; yule wa nje uwanjani ni nakala tangu 1910. Perseus wetu, shujaa wa hadithi za Kigiriki, wa shaba nyeusi, kazi ya Cellini, ndiye halisi, yupo tangu 1554. Wanampita wakakimbilie nakala! Inaniuma.

Saa saba, jua la Julai, akaingia mzee wa Kiitaliano na aiskrimu ya pistashio, akaketi kwenye benchi la mawe. Nikamwambia kwa adabu, signore, humu hakuliwi. Akauliza kwetu wapi.

"Malindi? Jambo, rafiki! Hakuna matata!"

Kumbe ana nyumba Watamu. Nikasimuliwa bei ya kamba, umeme unavyokatika, mpishi aliyemkimbia. Aiskrimu inayeyuka. Nikarudia ombi. "Pole pole, rafiki." Kiitaliano nilikiokota ufukweni nikiwauzia vinyago watu kama yeye, kwa hiyo kubembeleza najua. Nikampa tishu. Tone moja sakafuni, jingine kwenye kiatu changu. Waliokaa karibu walipoona, wakaanza kufungua mikate yao.

"Mzee," nikasema, sasa kwa Kiswahili, "inuka."

Akainuka akicheka, akaniahidi kazi ya uaskari getini kwake.

Baada ya hapo saa sikuzitazama. Choo kiko wapi. Mtoto anapandishwa juu ya simba wa mawe. Choo kiko wapi. Mchongaji Giambologna alichonga watu watatu katika bonge moja la marumaru, nawe huwaoni vizuri mpaka uwazunguke. Wageni wanazunguka macho kwenye simu, wananigonga mimi. Miguu inawaka.

Mwenzangu alipofika nikamkabidhi zamu, nikamwambia mzee wa pistashio ameahidi kurudi kesho na mkewe.