Usiku wa Kupakia Mabegi ya Pango

Mizani ya kuning'iniza ilisoma kilo 11 na nusu, na begi la kwanza lilikuwa bado halijafungwa mdomo. Mwalimu, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa safari, alilitazama, akaligeuza kichwa chini na kumwaga kila kitu juu ya turubai lililotandazwa sakafuni.

"Tuanze upya, wanangu," alisema. "Kila mtu kilo saba, haizidi."

Ilikuwa jioni ya kuamkia safari. Ramani tuliyopewa na waliolipima pango lile ilionyesha njia ya kutambaa ya mita 40 mara tu baada ya mlango, shimo la wima la mita 22, kijito cha kufika mapajani, kisha mwanya wa sentimita 30 hivi kati ya sakafu na dari kabla ya ukumbi wa mwisho. Joto la ndani ni nyuzi 13. Kwenda na kurudi kulikadiriwa kuchukua muda wa saa 8. Kila kilichokuwa juu ya turubai kilipaswa kuwa na kazi katika mojawapo ya sehemu hizo, au kiwe jibu la swali ambalo ramani haikuligusa: mtu akivunjika mguu chini ya lile shimo, tutakaa naye vipi mpaka waokoaji wafike?

Tulikuwa watano. Wanne ndio wachache kabisa kwa pango la namna ile, kwa sababu mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na wawili hutoka pamoja kuita msaada. Mtu wa tano alitupa nafasi ya kugawa mzigo, lakini pia alikuwa mwili mmoja zaidi wa kusubiri zamu ya kamba. Hilo la mwisho hatukulipa uzito unaostahili usiku ule.

Tulianza na taa, na hapo tulikaa muda mrefu. Kila mtu huingia na taa tatu, na kila moja iwe na uwezo wa kumtoa nje peke yake. Kitochi cha kuning'iniza kwenye funguo hakihesabiwi. Taa kuu hufungwa kwenye kofia ngumu ili mikono ibaki huru, ya pili hukaa kofiani au shingoni, ya tatu ndani ya begi. Kwa safari ya muda wa saa 8 tulipanga mwanga wa kutosha saa 24, na hesabu hiyo haifanywi kwa kusoma boksi la taa. Boksi likiandika saa 50, mara nyingi ni kwa mwanga hafifu kabisa ambao hautoshi hata kuchagua pa kuweka mguu. Tulihesabu kwa mwanga wa kati, kama lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), unaotosha kutambaa na kutembea, na tukaacha akiba ya mwanga mkali kwa ajili ya kuchungulia shimo na kutazama ukumbi.

Mwenzetu mmoja alikuwa na taa nzuri sana yenye betri ya umbo la pekee. Mwalimu aliiweka kando. Taa zote zikitumia betri za aina moja, betri ya mmoja huokoa taa ya mwingine. Ya kwake ingekufa peke yake. Betri za akiba tulizifunga kwa utepe seti kwa seti, kwa sababu mpya ikichanganywa na iliyochoka, ile dhaifu hukamuliwa hadi kuvuja na kuharibu mguso wa ndani. Tulichagua za lithiamu badala ya alkalaini kwa kuwa hazilegei upesi kwenye baridi. Kisha tukafungua kila taa na kufuta pete yake ya mpira: chembe moja ya mchanga au unywele ukilala pale, maji hupita. Taa ya tatu, ile ya kukaa begini, ilitiwa betri moja kinyume. Taa nyingi huwaka zenyewe kitufe kikibanwa na mizigo, nawe huzifikia zikiwa zimekwisha.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na taa ya kabaidi ya zamani, ya shaba, na mikono yake iliishika kwa upendo. Maji hudondoka juu ya vipande vya kalsiamu kabaidi, gesi ya asetilini hutoka na kuwaka kwenye kijitundu mbele ya kioo. Mwanga wake ni mpana na laini, na ukiikumbatia chini ya koti hukupa joto ambalo taa za leo hazina. Lakini mwali ule ukigusa kamba ya nailoni huiyeyusha, moshi wake huacha weusi kwenye dari, na unga wa chokaa unaobaki ni sumu kwa viumbe vya kijitoni ukimwagwa humo. Aliirudisha kwenye sanduku bila kuombwa na mtu.

Nguo zilimaliza ubishi haraka. Mgeni wetu, binti aliyekuwa anaingia pango la wima kwa mara ya kwanza, alileta suruali ya jinzi na fulana za pamba. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, na maji hupokonya mwili joto takribani mara 25 zaidi ya hewa. Kwenye nyuzi 13, unyevu wa hewa ukiwa karibu asilimia 100, nguo ikilowa haikauki kabisa. Tulimpa nguo ya ndani ya manyoya ya sintetiki, ovaroli ya nailoni nzito juu yake, soksi za neopreni (mpira laini unaohifadhi joto) na gambuti zenye soli ya meno makubwa. Gambuti hazina ndoano za kamba, na hilo ni la maana pangoni: ndoano za buti za mlimani hunasa kwenye ngazi na kwenye kitanzi cha mguu cha kupandia kamba. Pedi za magoti tulimvalisha ndani ya ovaroli, maana zikiwa nje huteremka hadi vifundoni ndani ya mita kumi za kutambaa. Glavu ziwe za mpira. Za ngozi hulainika na kuoza.

"Kaka, na nguo zangu nyingine?" aliniuliza.

"Zitakusubiri mlangoni, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukitoka utazifurahia."

Kamba ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Lebo yake ilisema mita 40, milimita 10, kamba tuli isiyovutika sana. Tuliipima kwa utepe ikatoka mita 38. Kamba ya aina hii hufupika ikiloweshwa na kukauka mara za kwanza, na anayeamini lebo hugundua upungufu akiwa ananing'inia. Hesabu yetu ilikuwa hivi: mita 22 za shimo, mita 8 za kufikia nanga ya akiba (nanga ni mahali kamba inapofungwa mwambani) na kuunganisha nanga mbili za ukingoni, mita 3 za mafundo, na mita 2 chini za fundo la mwisho na mkia wake. Jumla 35. Ilitosha na kuzidi mita 3, na kamba ya pili ya mita 30 iliyokuwa imejaza nusu ya begi tukaiacha nyumbani.

Kisha Mwalimu aliipitisha yote mikononi, sentimita kwa sentimita, akiikunja kidogo kila hatua. Anayekagua hutafuta mahali palipolegea, palipovimba, au ganda lililoanza kutoa manyoya; kiini kikivunjika, mkunjo hubonyea kama mrija wa kunywea soda. Hakupata kitu. Kamba ya pango haizungushwi kama ya kuanikia nguo. Unafunga kwanza fundo la kuzuia mita moja kabla ya ncha ya chini, kisha unaisokomeza begini kiganja kwa kiganja kuanzia ncha hiyo hiyo, na ncha ya juu inabaki mdomoni. Ukiikosea mpangilio, ile ya juu hulala chini kabisa, na anayefunga nanga atamwaga kamba yote ukingoni mwa shimo, kosa ambalo ni heri ulilipie hapo hapo sakafuni kwa kuanza upya.

Karabina zenye kufuli, yaani pete za metali za kuunganishia, zilikuwa nane, mbili zaidi ya mahitaji. Hanesi (mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani), kifaa cha kushukia, asenda (kibano kinachopanda kamba bila kuteleza kurudi) ya kifuani na ya mkononi, na vitanzi vya usalama vya kamba inayovutika: kila mtu alivaa vyake vyote, na tukamning'iniza kwenye boriti mmoja baada ya mwingine. Zoezi hili watu hulidharau. Ukisimama wima kwenye kitanzi cha mguu, asenda ya mkononi iwe juu kidogo tu ya ile ya kifuani. Kitanzi cha binti kilikuwa kirefu mno: akisimama, nafasi ya zaidi ya kiganja ilibaki kati ya asenda mbili, na nafasi hiyo ilikuwa hasara kwenye kila hatua hadi juu. Tulikifupisha sentimita 12. Kitanzi changu cha usalama, kinachoniunganisha na asenda ya mkononi, nacho kilikuwa kirefu. Nilipoketi katika hanesi, asenda ya mkononi ilikwenda mbali na vidole vyangu. Shimoni, mtu wa namna hiyo hukwama akiwa hewani, na kuning'inia bila kusogea ni hatari kwa mzunguko wa damu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo hata majaribio yetu yalikuwa mafupi, na daima kulikuwa na kiti chini ya miguu.

Vilivyobaki vilikwenda upesi. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, chakula kisichovunjika wala kuhitaji kupikwa, na akiba ya mlo mmoja zaidi. Makopo ya chuma yaliondolewa kwa uzito na kwa kingo zake. Chupa ya mkojo na mifuko ya kubebea kinyesi, maana kinachoingia hutoka. Vitu vya kuogopa maji viliingia kwenye kopo la plastiki la mdomo mpana lenye kifuniko cha kusokota: bandeji, dawa, kiberiti, mshumaa, betri, kisu kidogo kilichofungwa. Kisu hicho hakitoki karibu na kamba yenye mzigo. Kamba iliyokazwa hukatika kwa kuguswa tu na makali.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya hema la dharura, shuka kubwa la nailoni lisilo na nguzo ambalo watu huketi ndani yake wamebanana na kulivuta vichwani. Lilikuwa na uzito wa kilo moja hivi. Mmoja wetu alitaka tuchukue mablanketi ya foili tu, gramu 60 kila moja. Mwalimu alikataa. Foili hurudisha joto la mwili, lakini hupasuka kwenye mwamba na haizuii upepo wa chini ya shimo. Watu watano ndani ya hema moja, na mshumaa katikati, hupasha hewa kwa dakika chache. Hema likaenda, na foili mbili pia. Mizani ikasoma kilo 6.8, 7, 6.5, 7 na 6.9. Tuliyachunguza mabegi: ya mviringo, bila mifuko ya nje wala mikanda inayoning'inia, kwa sababu kila kinachochomoza hunasa kwenye mwanya.

Asubuhi utabiri haukuwa na mvua. Ungekuwa nayo, tungefungua mabegi na kurudi kulala. Hakuna kifaa cha kumsaidia mtu aliye ndani ya sentimita 30 maji yakipanda. Karatasi yenye majina yetu, njia yetu, saa ya kuingia (saa 2 asubuhi), saa ya kutarajiwa (saa 10 jioni) na saa ya kuita waokoaji (saa 2 usiku) ilibaki kwa mtu aliyekuwa na simu.

Ndani, karibu kila kitu kilifanya kazi yake. Taa kuu ya mmoja wetu ilizimika kijitoni, ya shingoni ikawashwa kabla hajasimama. Kasoro ilitokea wakati wa kutoka. Kwenye kamba hupanda mtu mmoja mmoja, na kila mmoja alichukua kati ya dakika 10 na 15. Wawili wa kwanza walipanda na mabegi yao, na hema lilikuwa katika begi la pili. Tuliobaki chini, tumelowa hadi kiunoni, upepo wa shimo ukitupiga, tulikuwa na foili mbili na mshumaa uliozimika kila tulipouwasha. Binti alianza kutetemeka. Mwalimu alibadilisha zamu akampandisha yeye, kisha mimi. Nilipofika juu niliuvuta mkia wa kamba ile ile, nikalifunga begi la hema hapo na kulishusha. Mwalimu alikuwa amekaa chini zaidi ya nusu saa.

Tulitoka saa 11 kasoro robo. Jioni ile, kamba ikiwa kwenye beseni la maji safi bila sabuni na hanesi zimeanikwa kivulini, Mwalimu alichukua kalamu ya rangi isiyofutika na kuandika kwenye ubavu wa begi moja, kwa herufi kubwa: HEMA. WA KWANZA KUSHUKA, WA MWISHO KUPANDA.