Nilivyorudisha wekundu wa majani kwenye picha zangu

Kila mwanzoni mwa Oktoba, majani yanapoanza kupukutika, tunapita barabara ya Kancamagus huko New Hampshire, Marekani, kilomita 55 hivi za milima na misitu kutoka Lincoln hadi Conway. Miti ya mepo, ambayo majani yake hugeuka mekundu msimu huu, huwaka kama makaa. Lakini mwaka jana nilipofungua picha nyumbani, moyo uliniuma: majani yamepauka, yana mng'ao mweupe kama yamepakwa mafuta. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, huku siko tulikokwenda."

Nililaumu lenzi, kumbe siyo. Nilipokuza jani moja niliona uso wake unaakisi anga, rangi imefunikwa na mwanga ule.

Safari hii nilifunga filta ya polaraiza, kioo cha kupunguza mng'ao, mbele ya lenzi. Unasimama jua likiwa ubavuni mwako, unazungusha pete yake polepole huku unatazama. Mng'ao unafutika, wekundu unachomoza. Jua likiwa mgongoni, haisaidii sana. Pale mto Swift hata mawe ya chini ya maji yalionekana, nikasimama kimya kwa furaha.

Filta hula mwanga, kwa hiyo nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 100 hadi 400 picha zisitikisike. Tena mizani ya weupe, mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi, niliitoa kwenye otomatiki, maana kamera ilikuwa inazipoza rangi za joto kama nyekundu na njano, nikaiweka kwenye alama ya wingu, inayozirudishia joto.

Kupiga picha kupitia kioo cha gari nimeacha kabisa. Tunaegesha, tunashuka.